Mbono wa chupani

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini vipande vya mbono unavyootesha kwenye chupa vinaharibika. Sababu ni mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ule ukahawia unaoanzia pale kisu kilipopita ni fenoli, kemikali za mmea wenyewe. Mbono kaburi una utomvu mwingi. Ukikatwa, fenoli zake hukutana na hewa, zinageuka kahawia na kuua tishu. Kipande kikishakatwa kitumbukize papo hapo kwenye maji yaliyotakaswa yenye asidi askobiki, miligramu 100 kwa lita. Chakula cha chupani, ile rojo anayooteshwa mmea, kikianza kupiga weusi, hamishia kipande kwenye chupa mpya, usingoje wiki iishe.

Ule utando wa maziwa unaojitokeza chini ya shina baada ya siku nyingi mara nyingi ni bakteria waliomo ndani ya mmea. Usiongeze Jik, maana haiwafikii, utaunguza bure jicho la mmea, pale panapochipua. Anza na mti mama: uweke chini ya paa la plastiki, mwagilia udongo tu, majani yabaki makavu, uchukue machipukizi mapya. Kata pingili za sentimita 1 hadi 2, kila moja na jicho lake. Maji ya bomba nusu saa, etanoli ya asilimia 70 sekunde 30, kisha Jik sehemu moja kwa maji sehemu mbili na tone la sabuni, dakika 10. Suuza mara nne.

Kwa lita moja ya chakula cha MS (mchanganyiko wa virutubisho wa Murashige na Skoog) weka sukari gramu 30, aga ya kugandisha gramu 7, na homoni mbili za mimea: BAP ya kuchochea machipukizi miligramu 1 na IBA miligramu 0.1. Pima pH (kiwango cha uchachu) iwe 5.8 kabla ya kutia aga. Ikishuka sana, aga haigandi. BAP ukizidisha utapata machipukizi mengi yaliyovimba maji, majani kama kioo, na hayo kuotesha mizizi ni shida.

Nakusihi, usipitie kwenye kalasi, yaani bonge la seli lisilo na umbo, hata kama inazaa haraka. Mbegu za mbono hutoa miti isiyofanana kwa mavuno wala mafuta. Tunahangaika na chupa ili tupate nakala za mti mmoja bora, na kalasi huleta mabadiliko yale yale tunayoyakimbia.

Mizizi ikitoka, osha aga yote kwa maji vuguvugu, la sivyo kuvu itaifuata hadi kwenye mchanga. Funika miche kwa nailoni, uifunue kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, kuanzia jioni.

Niandikie rangi ya vipande ikoje baada ya siku ya tatu.

Wako,
Zawadi