Mwanangu, Usiishie Cairo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata juzi jioni, nikaisoma mara mbili kabla ya kulala. Nimefurahi kusikia kwamba umeshaomba likizo ya Agosti 2027, na kwamba wewe na wenzako mmekubaliana kwenda Misri kuliona Jua likipatwa. Unaniuliza jambo moja tu: kwa kuwa ndege yenu itatua Cairo, na kwa kuwa hapo Cairo Mwezi utafunika zaidi ya asilimia 90 ya Jua, je, kuna haja ya kuongeza safari nyingine hadi mji wa Luxor, kusini mwa Misri, ambako Jua litafunikwa lote, katika joto la Agosti, kwa ajili ya hiyo sehemu ndogo inayobaki? Nakujibu mapema ili usikae na shaka. Haja ipo, na hiyo sehemu ndogo inayobaki ndiyo safari yenyewe.

Najua hesabu inakudanganya, kwa sababu hata mimi ilinidanganya kwa miaka mingi. Mtu akiahidiwa zaidi ya tisa ya kumi ya kitu, hudhani amekaribia kukipata chote. Kwa Jua sivyo. Jua hung'aa karibu mara 400,000 kuliko mwezi mpevu, kwa hiyo hata ikibaki asilimia moja tu ya uso wake, mwanga unaotufikia ni sawa na wa miezi mipevu 4,000 iliyowashwa kwa pamoja. Mchana unaendelea kuwa mchana, na watu ambao hawakuambiwa chochote huendelea na shughuli zao bila kuinua kichwa. Taji linalolizunguka Jua, ambalo wanaanga huliita korona, lina mwanga unaokaribiana na wa mwezi mpevu mmoja, nalo halijitokezi mpaka chembe ya mwisho ya Jua ifunikwe. Utakachokiona Cairo ni Jua lililomegwa. Utakachokiona Luxor ni anga jingine kabisa. Tofauti yake ni ya mbingu na ardhi.

Mwaka 2001, ulipokuwa bado mchanga, nilikuacha kwa shangazi yako nikasafiri na mjomba wako hadi Lusaka, nchini Zambia. Tulifika siku mbili kabla, tukatafuta uwanja ulio wazi upande wa magharibi, kwa sababu kivuli cha Mwezi kilikuwa kinatokea Angola. Tarehe 21 Juni, saa saba na nusu mchana ilipopita kidogo, Mwezi ukaanza kulimega Jua. Kwa zaidi ya saa nzima hapakuwa na jambo la kushangaza sana, isipokuwa chini ya miti, ambapo kila tundu kati ya majani lilichora Jua dogo lenye umbo la hilali, na hilali hizo kwa mamia zilicheza ardhini kila upepo ulipotikisa matawi. Wengi waliokuwa uwanjani waliketi wakipiga soga.

Dakika kumi za mwisho zilibadilisha kila kitu. Mwanga ulipungua, lakini haukugeuka mwekundu kama wa machweo. Ulififia ukawa wa rangi ya bati, na vivuli vyetu vikapata kingo kali kiasi kwamba niliweza kuona kivuli cha unywele mmoja mmoja kwenye vumbi. Ubaridi ukaingia mikononi. Njiwa waliokuwa wakidonoadonoa uwanjani wakaruka kwa pamoja kuelekea mitini. Kisha upande wa magharibi anga likawa jeusi kama vile mvua kubwa inakuja, ila weusi ule ulikuwa unatukimbilia kwa kasi inayozidi ya sauti, nao haukuwa na ngurumo wala upepo wa mvua. Nilipotazama tena juu kupitia miwani maalumu, Jua lilikuwa limebaki uzi. Uzi ukakatika ukawa shanga, kwa sababu mwanga wa mwisho hupenya kwenye mabonde ya Mwezi tu, na milima yake huzuia mwingine. Shanga zikazimika moja baada ya nyingine, ikabaki moja iking'aa pembeni mwa duara jeusi kama kito kwenye pete. Nayo ikazimika.

Hapo tukavua miwani. Mwanangu, weupe wa korona si wa maziwa wala wa karatasi. Ni weupe wa nyuzi, nyuzi laini zilizotandazwa pande zote, kwa kuwa mwaka ule Jua lilikuwa karibu na kilele cha shughuli zake na korona huwa ya mviringo nyakati hizo. Ukingoni mwa duara jeusi kulikuwa na ndimi ndogo za rangi ya waridi iliyokoza. Mshtarii ikatokea jirani, imetulia, kana kwamba ilikuwapo pale mchana kutwa, na kwa kweli ilikuwapo. Upeo wote wa macho, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, ulikuwa na rangi ya machweo kwa wakati mmoja. Mjomba wako, ambaye unamjua si mtu wa maneno mengi, alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na mwanga uliporudi nilikuta alama nne za kucha zake kwenye ngozi yangu. Giza lile lilidumu zaidi ya dakika tatu. Kama ningeulizwa pale pale, ningeapa kwamba ilikuwa nusu dakika.

Nakueleza haya ili uelewe ninaposema kwamba usafiri wote unapangwa kwa kuuzunguka mkanda wa kivuli, wala haupangwi kwa kuuzunguka uwanja wa ndege. Tarehe 2 Agosti 2027 mkanda huo utapita kusini mwa Hispania, kisha kaskazini mwa Afrika kuanzia Moroko hadi Misri, uvuke Bahari ya Shamu na kuifikia Jeddah na Makka, halafu ushuke Yemen na Somalia. Karibu na Luxor upana wake utakuwa kama kilomita 258, na hapo ndipo giza litakapodumu zaidi, dakika 6 na sekunde 23. Hakutatokea kupatwa kwingine kurefu kuliko huko hadi mwaka 2114. Ukikaa katikati ya mkanda unapata dakika hizo zote, ukisogea kuelekea ukingo zinapungua taratibu kwanza na kwa kasi baadaye, na ukitoka nje ya mkanda hata kwa kilomita chache hupati hata sekunde moja. Cairo iko mbali na ukingo huo kwa zaidi ya kilomita 200.

Jambo la pili ni mawingu, na hili nalijua kwa uchungu. Mwaka 2013, tarehe 3 Novemba, nilisafiri siku nyingi hadi ufuo wa Ziwa Turkana kwa ajili ya giza ambalo lisingefika hata sekunde ishirini. Jioni ile mawingu na vumbi vilifunika upande wa magharibi, tukasimama tukitazama ukuta wa kijivu unaozidi kuwa mweusi na kisha kurudi kuwa wa kijivu. Sikujuta kwenda, lakini tangu siku ile kila ninapoitazama ramani ya kupatwa kwa Jua huuliza kwanza habari za anga la mahali hapo, na urefu wa giza nauuliza baadaye. Luxor ina sifa zote mbili. Mwezi wa Agosti mawingu huko ni nadra mno, na ndiyo sababu watu wa dunia nzima wanaielekea, na ndiyo sababu nakusihi uweke nafasi ya kulala sasa, bila kungoja mwaka uanze. Fika siku mbili kabla, na usipange kuondoka siku ile ile, kwa kuwa barabara na vituo vitafurika watu wote wanaotaka kurudi kwa wakati mmoja.

Joto litakuwa kali, nyuzi 40 na zaidi, na kipindi cha Jua kumegwa kidogo kidogo kitaanza zaidi ya saa moja kabla ya giza. Kaeni kivulini muda huo, mkitoka kutazama kwa dakika moja moja, na mnywe maji kabla hamjasikia kiu. Jua litakuwa karibu utosini, kiasi cha nyuzi 82 kutoka upeo wa macho, mwendo wa saa saba mchana. Kwa hiyo msikusudie kusimama mkiwa mmekunja shingo kwa dakika sita. Lazeni mikeka, mlale chali.

Kuhusu macho sitaki mjadala. Nunua miwani maalumu yenye kiwango cha ISO 12312-2, kutoka kwa muuzaji unayemwamini, na uikague kama haina mkwaruzo wala tundu. Usikubali miwani ya kawaida ya jua hata iwe nyeusi namna gani, wala filamu ya eksirei, wala kioo kilichopakwa masizi, wala kulitazama Jua ndani ya beseni la maji, hata anayekushauri hivyo awe mtu mzima mwenye nia njema. Retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, haisikii maumivu. Mtu huiunguza akiwa anatabasamu, akagundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Darubini nayo ifunikwe kichujio upande wa mbele, unaoelekea Jua, kamwe si upande wa jicho. Ila giza likishakamilika, yaani shanga ya mwisho ikishazimika, vua kila kitu, kwa sababu kupitia miwani ile hutaona chochote cha korona. Weka kengele ya simu ilie dakika tano na nusu baada ya giza kuanza, ikukumbushe kushusha darubini, na baada ya kuitega, iache simu mfukoni. Picha nzuri zitapigwa na wenye vyombo vyao. Dakika zile hazipigiki.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, na ambalo limenifanya niandike barua ndefu kuliko nilivyokusudia.

Kupatwa kwa Jua kuna koo zake kama watu, mwanangu. Baada ya kila miaka 18, siku 11 na takriban saa 8, Jua, Mwezi na Dunia hurudi karibu mahali pale pale pa kupangana, na kupatwa kwa namna ile ile kunazaliwa upya. Wababeli wa kale waliutambua mzunguko huo, na leo wanaanga wanauita sarosi. Zile saa 8 za ziada huifanya Dunia iwe imezunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kila kizazi huangukia upande mwingine wa dunia, na kizazi cha tatu, baada ya miaka 54 na kama mwezi mmoja, hurudi karibu na upande wa babu yake. Ukoo wa kupatwa huku kwa 2027 ndio ulioleta kivuli katika kisiwa cha Principe tarehe 29 Mei 1919, siku ambayo mwanaanga Mwingereza Arthur Eddington na wenzake walipiga picha za nyota zilizo kando ya Jua, wakapata ushahidi kwamba uzito wa Jua hupinda mwanga kama Einstein alivyosema. Miaka 54 baadaye, tarehe 30 Juni 1973, kivuli kilirudi Afrika. Ndege ya majaribio ya Concorde ilikimbizana nacho juu ya Sahara, na wanasayansi waliokuwa ndani wakakaa gizani dakika 74. Kivuli hicho hicho kikapita Ziwa Turkana alasiri ile.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya bweni, mahali ambapo Jua lilimegwa tu. Ilikuwa Jumamosi. Walimu, kwa kuogopa tusije tukapofuka, walitufungia bwenini na kuziba madirisha kwa mablanketi, wakatuambia tulale kifudifudi. Siwalaumu, hakuna aliyekuwa amewapa kifaa wala maelezo. Lakini bati la paa lilikuwa na matundu ya misumari, na kupitia matundu hayo miale iliingia kila siku na kuchora miduara juu ya vitanda. Alasiri ile niligeuza uso nikaona miduara yote imekuwa hilali. Kulikuwa na moja juu ya blanketi langu, ukubwa wa sarafu, inayosogea polepole. Niliiwekea kiganja, nikaitazama ikizidi kuwa nyembamba mkononi mwangu, kisha ikinenepa tena, mpaka mlango ulipofunguliwa.

Hesabu sasa: 1973, ongeza 54. Ni Jua hilo hilo ninalodai.

Kwa hiyo naomba uwaulize wenzako kama watanivumilia. Nimeshamwambia daktari kuhusu joto, naye ameridhika alimradi nikae kivulini hadi dakika za mwisho. Nitafutie chumba cha chini, kwa kuwa magoti hayataki ngazi tena, na unijulishe tarehe ya ndege kabla mwezi huu haujaisha. Mkeka nitakuja nao mwenyewe.

Mama yako