Tusilinganishe maji ya ufukwe wa Coco (Dar es Salaam) na wa Diani (Kenya) kabla ya kulinganisha vipimo

Ndugu Mhariri,

Swali la kama bahari ya Dar es Salaam ni safi kuliko ya Mombasa au ya Maputo huulizwa mara nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa kuchukua majedwali mawili ya maabara na kuangalia nani ana namba kubwa. Jibu la namna hiyo halifai, na madhara yake si madogo: fedha za kudhibiti majitaka huweza kwenda pwani isiyo na tatizo, huku wavuvi na waogeleaji wa pwani nyingine wakiachwa na uchafu wao.

Tuanze na nitrati, moja ya virutubisho ambavyo majitaka huongeza baharini. Maabara moja huandika uzito wa nitrati nzima, nyingine huandika uzito wa naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Miligramu 1 ya naitrojeni kwa lita ni sawa na miligramu 4.43 za nitrati. Kwa fosforasi na fosfati tofauti ni mara 3.07. Asiyesoma vizuri kichwa cha safu ataamini jirani amechafua maji zaidi ya mara nne, kumbe maji ni yale yale.

Klorofili, ambayo hutumika kukadiria wingi wa mimea midogo inayoelea, ambayo huongezeka virutubisho vikizidi, ina mitego yake. Maji huchujwa kwa karatasi ya nyuzi za kioo, kisha karatasi hulowekwa gizani kwenye asetoni ya asilimia 90, kwa kawaida hadi siku nzima, ndipo rangi ipimwe. Chupa ikikaa juani ndani ya boti, au pampu ikivuta kwa nguvu hadi seli zipasuke, klorofili hupotea. Hapo bahari huonekana safi kwa sababu ya uzembe wa mpimaji.

Bakteria wa kinyesi, hasa enterokoki, wanahitaji uangalifu zaidi. Chupa iwe imetakaswa, ikae kwenye barafu na gizani, na sampuli ianze kupimwa ndani ya saa 6. Jua huwaua bakteria hawa, kwa hiyo maji yaliyotekwa saa 12 asubuhi hayalingani na yaliyotekwa saa 8 mchana. Kwa Dar es Salaam kuna Mto Msimbazi, unaoingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji yaliyotekwa hapo wakati wa kupwa, siku moja baada ya mvua kubwa ya masika, kwa sehemu kubwa ni maji ya mto. Yakitekwa mahali hapo hapo Januari, kaskazi ikivuma na maji yamejaa, ni bahari. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na kusafisha mikono ya bahari. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, uchafu hukawia. Fomu ya sampuli isiyoonyesha saa, hali ya maji, upepo na siku ya mwisho ya mvua haipaswi kuingizwa kwenye ulinganisho wowote, hata kama kazi ya maabara ilikuwa safi kabisa.

Kisha kuna mpaka wa neno “nzuri”. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003, daraja la juu la maji ya kuogelea baharini ni enterokoki wasiozidi 40 kwa mililita 100, katika sampuli 95 kati ya kila 100. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2006, kwa hesabu hiyo hiyo, maji ya bahari yenye hadi 100 ni bora sana. Ufukwe wenye 90 utapakwa rangi mbili tofauti kwenye ramani mbili.

Hesabu ya wanyama wadogo wa matopeni, ambao nao hutumika kupima uchafu, hutegemea matundu ya chekeche. La milimita 1 huachia minyoo mingi midogo inayobaki kwenye la milimita 0.5, na miongoni mwao wamo wale wanaostawi penye uchafu. Kipimo cha AMBI, kilichotangazwa Ulaya mwaka 2000, huwagawa wanyama katika makundi matano kwa uvumilivu wao wa uchafu. Ikiwa zaidi ya asilimia 20 ya wanyama wa sampuli hawamo kwenye orodha yake, matokeo yasomwe kwa tahadhari. Wakizidi asilimia 50, kisitumike. Tusikichukue kizima-kizima kwa pwani ya matumbawe na mikoko.

Cha kuiga Ulaya ni utaratibu, si tarakimu. Sheria yao ya maji ya mwaka 2000 ilizitaka nchi zipange maji katika madaraja matano kwa kuyalinganisha na hali isiyochafuliwa ya aina hiyo hiyo ya maji. Kila nchi ilibaki na mbinu zake, lakini wataalamu walifanya kazi ya miaka mingi kuhakikisha mpaka kati ya “nzuri” na “wastani” una maana moja pande zote. Kwetu maana yake ni kwamba mkono wa bahari wenye mikoko, ambao kwa asili una tope na oksijeni kidogo alfajiri, usipimwe kwa kigezo cha maji ya kisiwa cha Mbudya.

Tanzania, Kenya na Msumbiji zote zimo katika Mkataba wa Nairobi wa 1985 wa kulinda bahari na pwani, na tangu 2010 kuna itifaki yake ya uchafuzi utokao nchi kavu. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huenda kaskazini, na Mto Umba huanzia milima ya Usambara na kumwaga maji Vanga, Kenya. Vanga basi ni mahali pazuri pa kuanzia. TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania), Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na KMFRI ya Mombasa (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) wateke maji kwenye pipa moja, wakoroge, wagawane chupa, kila maabara ipime virutubisho kwa mbinu yake. Kwa bakteria, ambao hawasubiri safari ndefu, wapimaji wakutane kwenye maabara moja. Zoezi lirudiwe wakati wa kusi na wa kaskazi, kwenye bamvua na kwenye maji mafu, na namba ghafi zitangazwe pamoja na fomu zake kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya rangi.

Mdau wa maji ya bahari,
Kigamboni, Dar es Salaam