Tembe la mchimbaji wa Sekenke nalo litunzwe

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi hapa Dodoma ila kwetu ni Iramba mkoani Singida, upande wa Shelui, na naandika kuhusu tembe la babu yangu aliyekuwa mchimbaji wa Sekenke, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo. Ukitaja Sekenke wengi wanaukumbuka ule mlima tu, hasa madereva wa malori, lakini pale ndo ulianza mgodi wa kwanza wa dhahabu nchi hii mwaka 1909, enzi za Mjerumani, huko Geita bado kabisa. Na 1909 hata treni ilikuwa haijafika Dodoma, imefika 1910, Tabora 1912.

Halafu kuna hii ambayo hata watoto wa kulekule hawaijui. Kwenye vita ya kwanza Mwingereza alimzibia Mjerumani bahari, hela kutoka kwao zikawa haziingii, basi 1916 akachukua dhahabu ya Sekenke akaipeleka karakana ya reli pale Tabora akagonga sarafu za rupia 15, upande mmoja tai na upande mwingine tembo kainua mkonga na milima nyuma yake. Leo wakusanyaji huko Ulaya wanaigombania hiyo sarafu kwenye minada na ni dhahabu ya Iramba ile jamani.

Sasa aliyechimba alikuwa analala wapi? Wa 1916 sijaona nyumba yao hata moja iliyobaki. Waliokuja baadaye, wakati wa Mwingereza, ipo, maana mmoja wao ni babu yangu, na tembe lake limesimama mpaka leo. Alilijenga kwa mshahara wa mgodi. Ukiingia lazima uiname, kulia ndo zizi la ndama, ukizoea giza ukatazama juu utaona kati ya boriti za miti kuna chuma kimoja kirefu, ni reli ya vile vitoroli vya kutolea mawe shimoni, babu aliibeba na wenzake baada ya kutupwa, na bado imebeba udongo wote wa paa. Pembeni yake kuna msumari alipokuwa anatundika taa, ukuta hapo mweusi kwa moshi kama kiganja cha mtu. Bibi alikuwa anatusimulia siku ya mshahara palivyokuwa panajaa watu wa kila kabila, wengine hawakurudi kwao tena, wajukuu zao ndo majirani zetu hawa.

Shangazi ndo analitunza. Kila mwaka mvua zikiisha anakandika kuta, anapanda juu anaziba nyufa za paa, kazi hiyo kaifanya tangu ni binti na sasa ni mzee, magoti yamechoka.

Nilishaenda kwenye ofisi moja kuomba japo kibao. Nikajibiwa hiyo ni nyumba ya familia, haina historia. Iliniuma sana. Kule Kwihara, Tabora, tembe alilokaa Livingstone 1872 limetunzwa na wageni wanalipa kiingilio kuliona, ni sawa kabisa, silipingi, ila na hili nalo ni tembe la udongo na aliyekaa humu alitoa dhahabu kwa mikono yake. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 majengo inayoyalinda yenyewe ni ya kabla ya 1863, ya baadaye mpaka waziri ayatangaze, kwa hiyo karibu kila kitu cha wachimbaji wetu kipo nje ya sheria mpaka mtu aamue kukiombea.

Ndo naomba kupitia gazeti lenu, watu wa mambo ya kale waje Iramba waangalie, wapige picha, wapime, wamuulize shangazi angali anakumbuka majina ya wenzake babu. Waje kabla ya Desemba, mvua za mwaka jana zimeshakula kona ya mashariki na ile reli ya juu imeanza kuinama upande huo.

Msomaji wenu,
Dodoma