Mradi wa sayansi wa mtoto uanze na kitu kinachopimika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi na walimu wenzangu kuhusu maonyesho ya sayansi ya shule za msingi. Sitagusa mapambo ya ubao wala zawadi. Nia yangu ni siku ile mradi unapochaguliwa, kwa sababu kasoro nyingi ambazo majaji huziona mezani zilizaliwa siku hiyo.

Mradi unaopendwa kuliko yote ni volkano: kilima cha udongo, soda ya kuokea ndani, siki juu yake, povu linafurika, watu wanapiga makofi. Kwa macho ni raha. Lakini mtoto hakuuliza swali, hakupima kitu, na alichokuwa hakijui kabla ya povu bado hakijui. Tena volkano ya kweli haina habari na siki. Huilipua mwamba ulioyeyuka na gesi zilizobanwa ndani yake. Mfumo wa jua wa mipira iliyopakwa rangi nao ni vivyo hivyo. Sina ugomvi na sanamu za kufundishia, ila zisiitwe majaribio.

Kabla ya kukubali mradi wowote, mtake mtoto aseme kwa maneno yake mwenyewe anabadilisha nini, anapima nini na kwa kifaa gani, na vitu gani anaviacha vilevile. Akikwama kwenye kupima, swali halijaiva. "Je, mimea hupenda muziki?" ni swali maarufu, na hukwama hapohapo, kwani kupenda hakuna rula yake. Hata ukiligeuza likawa urefu wa mmea, kwa kawaida mmea wa muziki utakaa karibu na spika na mwenzake karibu na dirisha. Tofauti ya mwanga itafunika chochote ambacho muziki ungeweza kufanya, na mtoto ataandika hitimisho ambalo si la muziki hata kidogo.

Vifaa vya volkano, hata hivyo, vinaweza kuokolewa. Chukua chupa ya nusu lita, mimina mililita 50 za siki, kisha tia soda ya kuokea ndani ya puto kwa kutumia faneli kavu. Vuta mdomo wa puto ukae barabara kwenye shingo ya chupa, inua puto ili unga udondoke, na subiri povu litulie. Zungusha uzi kwenye sehemu nene kabisa ya puto, kisha pima uzi huo kwa rula. Sasa kuna swali: soda ikiongezwa, puto litazidi kukua? Jaribu robo kijiko cha chai, nusu, kijiko kizima, halafu viwili, kila kipimo mara tatu, na kijiko kisawazishwe kwa ukingo wa rula kila mara.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba jibu lina kona. Siki ya kawaida yenye asidi ya asilimia 5 ina nguvu ya kumaliza takriban gramu 3.5 za soda kwa kila mililita 50, na kijiko cha chai kilichosawazishwa kina karibu gramu 5. Kwa hiyo puto la vijiko viwili halitalipita kwa maana lile la kijiko kimoja: siki imekwisha, unga uliobaki hauna siki ya kuutoa hewa ukaa, ile gesi inayojaza puto. Mtoto wa darasa la tano anayeona grafu yake ikipanda kisha ikilala amegundua jambo ambalo wengi hulikuta baadaye sana kwenye somo la kemia. Mkumbushe pia kwamba gesi ikiwa maradufu, mzingo wa puto hauwi maradufu. Huongezeka kwa takriban robo tu, kwa sababu puto hupanuka pande zote kwa pamoja. Asipolijua hilo atadhani amekosea kupima.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Puto jipya ni gumu, basi lipulizwe na kuachiwa mara moja au mbili kabla ya kutumika. Faneli yenye unyevu hunasa unga, na kipimo cha nusu kijiko kinakuwa cha theluthi. Puto za ukubwa tofauti zikichanganywa, jedwali lote halina thamani.

Kwa watoto wasiopenda kushika vitu vinavyomwagika, pendulamu, yaani mzigo unaobembea kwenye uzi, ni bora kuliko inavyosifiwa. Inataka uzi, nati moja nzito, rula na saa yenye kuhesabu sekunde. Usipime bembea moja. Kidole cha binadamu huchelewa sehemu ya sekunde kubonyeza saa, na kosa hilo ni kubwa ukipima kitu cha sekunde moja. Hesabu bembea 10 za kwenda na kurudi, kisha gawa kwa 10. Uzi wa sentimita 25 utatoa karibu sekunde 1 kwa bembea, wa sentimita 100 karibu sekunde 2. Urefu mara nne, muda mara mbili: mtoto mwenye jicho ataliona mwenyewe kwenye jedwali, na asipoliona usimwambie haraka.

Mtego uko kwenye uzito. Watoto hutaka kujua kama kitu kizito hubembea haraka, nao huning'iniza nati ya pili chini ya ya kwanza, ya tatu chini ya ya pili. Muda unabadilika, wanashangilia kwamba uzito umefanya kazi. Uzito haukufanya kitu. Nati zilizoshuka zimerefusha pendulamu, kwani urefu hupimwa toka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya mzigo. Nati zote zifungwe pamoja usawa uleule, na bembea iwe ndogo, isizidi pembe ya nyuzi 20 hivi toka wima.

Mbegu za maharage ndizo zinazochaguliwa na wengi, na ndizo zinazodanganya wengi. Tuseme swali ni kama mwanga huathiri kuota. Mtoto anaweka mbegu moja dirishani na moja kabatini. Moja ikifa, jaribio limekufa nayo. Ziwe angalau 10 kwa kila kundi, zimelowekwa usiku mmoja, zimelazwa juu ya pamba iliyolowa bila kuogelea. Mbegu inapumua, ikizama majini inakosa hewa na kuoza, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya "mbegu mbovu". Kabati nalo lina joto lake tofauti na la dirishani, hivyo ni afadhali sahani zote mbili zikae mahali pamoja pasipopigwa na jua kali, moja ifunikwe kwa boksi.

Kwa kawaida makundi yote mawili yataota, kwa sababu maharage hayahitaji mwanga ili kuota. Kisha yaliyo gizani yatarefuka kuliko yenzake, na hapo ndipo mtoto anapoandika kwamba giza ni zuri kwa mimea. Rula haikumdanganya, alipima kitu kimoja tu. Mche wa gizani unatumia akiba ya chakula iliyo ndani ya mbegu kurefusha shina ukitafuta mwanga, nao ni mwembamba, wa manjano, wenye majani madogo. Aongeze safu mbili kwenye jedwali, upana wa jani na rangi, na aendelee kwa wiki mbili badala ya moja. Picha ya miche iliyolala chini itamaliza ubishi.

Umri uangaliwe. Darasa la kwanza na la pili, kuhesabu na kupanga makundi kunatosha: vitu gani huelea, vipi huzama, na je, kipande cha udongo wa kuchezea kinachozama kitaelea kikifinyangwa kama bakuli? Wastani na grafu za mistari viwasubiri wa darasa la nne na kuendelea. Mtoto mdogo akipewa jaribio la mwezi mzima, wiki ya tatu mwagiliaji ni mama.

Kuhusu usalama sina maneno mengi. Moto, umeme wa ukutani, dawa za binadamu, na wanyama wanaoweza kuumia viachwe. Anayetaka kuchunguza ukungu wa mkate aweke kipande ndani ya mfuko angavu uliofungwa, usifunguliwe tena hadi unapotupwa. Eneo lipimwe kwa nje, kwa kulaza plastiki iliyochorwa miraba juu ya mfuko na kuhesabu miraba iliyofunikwa. Siki ikiruka machoni inawasha sana, basi miwani ivaliwe hata kwa puto, na puto lisielekezwe usoni.

Muda nao upangwe kinyumenyume toka siku ya maonyesho. Wiki ya mwisho ni ya ubao. Jaribio lolote la mbegu linahitaji nafasi ya kurudiwa, kwa hiyo lisianze chini ya wiki tano kabla. La puto au pendulamu linaisha kwa siku mbili, lakini ifanyike kwanza mara moja ya kujipima, bila kuandika matokeo, ili kugundua kwamba uzi ni mfupi au kijiko kimepotea.

Wazazi nawaomba jambo moja gumu: daftari la vipimo liandikwe na mtoto, siku ileile, hata kama mwandiko umepinda na namba moja imekatwa. Msilinakili upya ili lipendeze. Jaji anayejua kazi yake hulifungua daftari kabla hajatazama ubao, kisha huuliza kwa nini kipimo cha pili kiko mbali na cha kwanza na cha tatu. Mtoto aliyepima mwenyewe atakumbuka kwamba puto lilivuja.

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi