Shukrani kwa dada wa Ngong aliyemlea Simba

Dada, ulinikataza kukutaja jina, nami nimetii. Lakini wema wako unastahili mashahidi.

Simba alikuwa mbwa wa ulinzi, dume kubwa lililofungwa mnyororo tangu udogoni. Tulipomwokoa alinguruma ukisogea tu karibu na chakula chake, na akiona mtu mwenye fimbo alitaka kumrukia. Mimi naishi ghorofani. Wengine wote niliowaomba walikataa.

Wewe ulimpokea. Ulimpeleka kwanza akachanjwa kichaa cha mbwa. Kisha ukawa unakaa chini, umempa ubavu, bila kumkazia macho, ukimrushia vipande vya maini yaliyochemshwa. Kila ulipopita karibu na bakuli lake uliongeza nyama, mpaka akajua mkono huo unaleta, haunyang'anyi. Matembezi yenu yalikuwa alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa barabarani.

Kilichonigusa zaidi ni ukweli wako. Familia ya kwanza iliyomtaka ilikuwa na watoto wadogo. Uliwaeleza tabia zake zote, ukawakatalia kwa upole. Ukaendelea kumlea hadi akapatikana mzee wa Naivasha, mwenye ua mpana na subira.

Asante sana, dada. Na wewe msomaji, kama una ua wenye uzio na moyo wa kungoja, mpokee mbwa mmoja kwa muda. Chakula na daktari tutachangia.