Kwa Binti Yangu Mkimbiaji

Mwanangu,

Jumapili ulilia kwenye simu kwa kushika nambari mbili, na sikukulaumu. Lakini uliponiambia wenzako walimzomea yule msichana aliyekushinda, wakimwita mwanamume, nawe ukacheka nao, usiku ule sikupata usingizi.

Uliniuliza kama ni haki msichana kushindana na mwenye nguvu za kiume, na swali hilo lina uzito. Mvulana akibalehe, testosteroni, homoni ya kiume, humwongezea misuli, mifupa na damu inayobeba oksijeni zaidi. David Rudisha wetu aliweka rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 800, 1:40.91, mwaka 2012 kule London. Rekodi ya wanawake, ya Jarmila Kratochvílová, ni 1:53.28 tangu 1983. Sekunde 12 na ushei! Mngechanganywa na wavulana, hata fainali ya kaunti usingeiona. Kwa hiyo mbio za wanawake lazima zilindwe, na hilo nalisema bila kusitasita.

Sasa mkumbuke Margaret Wambui. Ulikuwa mdogo, umelala mapajani mwangu, Olimpiki ya Rio 2016, mita 800 za wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Wambui wetu shaba. Nilipiga vigelegele mpaka ukaamka. Baadaye, mwaka 2018, shirikisho la riadha la dunia likatoa kanuni: wanawake wenye maumbile kama yao, ambao miili yao hutoa testosteroni nyingi, waipunguze kwa dawa au waache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba akahamia mbio ndefu. Wambui akaomba kuwe na kitengo cha tatu, cha wanariadha kama yeye, hakikuwepo. Hakuwa amemeza kitu wala kumdanganya mtu. Alikimbia na mwili aliozaliwa nao. Shaba ile bado naihesabu yetu.

Tangu Septemba 2025, mwanamke anayekwenda mashindano ya dunia hupimwa jeni ya SRY, ile inayouanzisha mwili wa kiume mtoto akiwa tumboni, mara moja tu maishani. Watu wanabishana sana juu yake, nami yapo yanayonitia wasiwasi. Ila hicho ni kipimo cha maabara. Kumtazama mtoto wa watu mabega, au kusikiliza sauti yake, si kipimo cha chochote.

Na nikwambie ukweli mwingine: mzunguko wa kwanza uliukimbia kwa pupa, ndiyo maana miguu ikakuishia kwenye kona ya mwisho.

Jumamosi mtakutana tena na msichana yule. Mtafute kabla hamjaanza kupasha misuli, wewe peke yako, umwombe radhi. Pesa za spaiki nimemtumia mwalimu wenu.

Mama yako