Mdogo wangu, ile saba uliyonitumia

Mbukwa mdogo wangu,

Skrinshoti yako nimeiona, nikaona hii haijibiki kwa memseji mbili tatu, kwaiyo najibu hapa. Jina lako siliweki na kijiji sitakitaja, ila naiacha wazi makusudi maana hilo jaribio la maswali kumi, linaitwa ACE, linalokuuliza mabaya uliyopitia utotoni na kila ndiyo ni pointi moja, linazunguka sana mitandaoni saivi na najua wako wengi wamelijaza, wakapata namba, wakabaki wanalia peke yao hosteli kama wewe. Umepata saba kati ya kumi. Alafu ukaniandikia "dada ndo imeisha hiyo, mi nishaharibika". Hapana bana. Ngoja kwanza nikwambie hiyo namba imetoka wapi, maana wanaoisambaza hawasemagi.

Miaka ya 80 kule San Diego, Marekani, kulikuwa na daktari anaitwa Vincent Felitti ana kliniki ya watu wanene kupita kiasi. Watu walikuwa wanapungua kweli kweli, ila kilichomshangaza ni kwamba wanaokimbia kliniki ni walewale wanaofanikiwa. Alipoanza kuwauliza habari za nyuma akakuta wengi wao walifanyiwa ukatili wa kingono wakiwa watoto, na kwa baadhi yao ule unene ulikuwa unawakinga, yani mtu akipungua wanaume wanaanza kumwangalia na hofu yote inarudi. Baadaye akaungana na Robert Anda wa kile kituo cha serikali yao cha kudhibiti magonjwa, CDC, na kati ya 1995 na 1997 wakakusanya majibu ya watu zaidi ya 17,000 kuhusu mabaya ya utotoni na afya zao ukubwani, ripoti ya kwanza ikatoka 1998. Waliopitia mambo manne au zaidi, ukiwalinganisha na wasiopitia hata moja, hatari ya ulevi, madawa ya kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi mara 12. Hiyo ni kweli na mi sitakudanganya kwamba sio kitu.

Ila sasa sikiliza hapa. Huyo huyo Anda, mwaka 2020, aliandika na wenzake kwamba namba hii isitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Ilitengenezwa kuangalia umati wa watu. Wewe umesoma shule za kata unanielewa, shule ikipata wastani wa D haimaanishi wewe umepata D, kuna mtu pale alitoka na A na kuna mwingine alitoka na sifuri. Na hayo maswali hayaulizi ilikuwa mara ngapi, hayaulizi ulikuwa na umri gani wala ilidumu muda gani, hayaulizi kama kulikuwa na bibi anayekufungulia mlango usiku na kukupa uji. Wewe ulikuwa naye bibi. Alafu kuna mambo yetu ya huku ambayo hayamo kabisa, mfano binti anachukuliwa Bahi huko ana miaka kumi na mbili anapelekwa Dar kufanya kazi za ndani kwa watu asiowajua, hilo kwenye maswali yao halina hata kisanduku chake.

Najua pia mjomba kakwambia nini, maana na mimi kaniambia: "sisi wote tulichapwa mbona tuko sawa." Nusu yake namkubalia. Kuhusu wingi yuko sahihi kabisa, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliofanywa na UNICEF, CDC na Muhimbili ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walipigwa kabla hawajafika miaka 18, na karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono, wavulana asilimia 13.4. Na tena namkubalia kwamba wengi hawabaki na ugonjwa, kuna uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2014 unaonyesha kati ya watoto waliopita kwenye tukio la kutisha ni kama asilimia 16 tu ndo wanapata PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe kisichoisha. Pale asipoona mjomba ni kwamba wewe kuwa ndani ya hiyo 16 sio udhaifu wala kudeka. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, wanachapwa na mkono mmoja, mmoja anasahau, mwingine mpaka leo akisikia mlango wa bati unagongwa usiku mwili unaganda. Wapo watafiti wawili, Andrea Danese na Cathy Widom, walichukua watu karibu 1,200 wa Marekani ambao kati yao kuna waliokuwa na kesi za kuteswa utotoni zilizoandikwa mahakamani kabisa, wakawauliza ukubwani wanakumbuka nini. Majibu yalitoka 2020. Waliokumbuka kwamba waliteswa ndo waliokuwa na matatizo mengi ya akili, hata kama mahakamani hakuna karatasi yao, na wenye karatasi lakini wenyewe hawakumbuki kuteswa walikuwa karibu sawa na watu wengine tu. Kwaiyo mjomba kutokumbuka vibaya ni jambo lake, halifuti la kwako.

(Na hapo kwenye kuchapwa, mi nafundisha kwaiyo naongea kidogo. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye kitabu. Nionyeshe hicho kitabu. Wakati huohuo Mabula Nkuba na wenzake, akina Tobias Hecker, walishajaribu kuwapa walimu wa sekondari za serikali hapahapa Tanzania mafunzo ya siku chache tu ya namna ya kukaa na watoto, na kuchapa kukapungua. Haya, niendelee.)

Kinachoniuma kwenye memseji yako ni lile neno nishaharibika, maana hao waliokuletea namba hawakukuletea sehemu ya pili, kwamba hii kitu inatibika na dawa yake imejaribiwa kwa watoto wetu wenyewe. Pale Moshi, na Bungoma kule Kenya, walichukua watoto yatima 640, nusu wakapata tiba inaitwa TF-CBT, tiba ya kuongea kwa watoto wenye kiwewe, na nusu wakaendelea na huduma za kawaida. Wanaotoa tiba hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Wanakaa vikundi mara 12 pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake. Matokeo yalitoka 2020, kwenye maeneo matatu kati ya manne (mjini na vijijini, huku na kule Kenya) watoto wa tiba walipona vizuri zaidi ya wenzao. Baada ya mwaka tofauti ilibaki Kenya, ila Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepungukiwa dalili karibu sawa, nakwambia na hilo usije ukaliona mahali ukasema dada kanificha.

Nyingine ndo naipenda zaidi. Inaitwa KIDNET, ni ya watoto, ile ya watu wazima inaitwa NET, ilianzia kwa akina Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na ikajaribiwa mapema kabisa kwenye kambi za wakimbizi Uganda. Unapewa kamba unaitandaza sakafuni, ndo maisha yako toka umezaliwa. Kila jambo zuri unaweka ua, kila baya unaweka jiwe. Alafu mnaanza kupita mwanzo mpaka leo kwa mpangilio, mkifika kwenye jiwe mnasimama, unasimulia pole pole nini kilitokea, ulisikia harufu gani, uliwaza nini, mwili ulifanyaje, na mwenzako anakurudisha kila saa kwamba hiyo ilikuwa pale, saivi uko hapa. Wanasema kumbukumbu ya kiwewe inakaa ya moto bila tarehe wala mahali, ndo maana mlango wa bati wa leo unakuwa mlango wa mwaka ule. Ukiikwepa kila siku haipati nafasi ya kupoa na kukaa kwenye mwaka wake. Kwaiyo mchungaji akikwambia samehe usahau, kusamehe mtajuana na Mungu na maombi endelea nayo, ila kusahau kwa nguvu ndo huko huko kukwepa.

Na sio kila kuongea ni tiba. Zile semina za siku moja watu wanalizwa mbele za watu alafu wanaagwa na soda, usiende. Hata kile kikao kimoja cha kumfanya mtu asimulie kila kitu mara tu baada ya tukio kilishapimwa, hakizuii PTSD, na kwenye baadhi ya tafiti waliofanyiwa walikuwa na hali mbaya zaidi ya walioachwa.

Sasa la Mirembe. Najua kwetu Dodoma mtu akitaja Mirembe watu wanacheka, toka tukiwa wadogo ni tusi, "huyu wa Mirembe". Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na wewe unaishi mji uleule, watu wa mikoa mingine wanapanda basi kuja. Hulazwi kwa sababu umeenda kuongea na mtu. Ukifika waambie unataka mwanasaikolojia, muulize kabisa kama amefundishwa tiba ya kiwewe na mtakutana mara ngapi, akikujibu mara moja tu inatosha tutatafuta mwingine.

Alafu yule mdogo wako wa kiume aliyebaki kule nyumbani. Hukuniambia ila naona ndo kinachokunyima usingizi. Namba ni 116, ya watoto, bure, hata simu isiyo na salio inapiga, na wewe unaweza kupiga kwa niaba yake. Kuna afisa ustawi wa jamii na kuna dawati la jinsia na watoto pale polisi. Mama mkubwa atanuna, niachie mimi nitaongea naye. Jumanne nina vipindi vya asubuhi tu, saa nane nakupitia pale geti la chuo, njoo na kitambulisho na kadi ya bima kama unayo.